Siri ya Mirija ya Figo

Msomaji, ukimtazama mpishi akichuja tui la nazi kwa kifumbu, utaona kuwa kazi yake ni nyepesi kueleza: machicha hubaki, tui hupita. Watu wengi hudhani kuwa figo nalo ni kifumbu tu, lizuialo kilicho chema na kupitisha takataka. Dhana hiyo ni nusu ya kweli. Nusu ya pili iliwachukua wataalamu zaidi ya miaka 300 kuipata. Yafaa tuijue habari hiyo, maana mna ndani yake fundisho juu ya mwili wetu, na fundisho jingine juu ya namna kweli itafutwavyo.

Mwanzo wake ulikuwa Italia. Mwaka 1662 kijana Lorenzo Bellini, ambaye hakuwa bado ametimiza miaka 20, alieleza kuwa nyama ya figo imejaa mirija myembamba. Mwaka 1666 Marcello Malpighi wa Bologna alieleza vifundo vidogo sana alivyoviona kwa hadubini, vimening'inia kwenye mishipa ya damu kama matunda mtini. Lakini hapakuwa na mtu aliyejua kifundo na mrija vina uhusiano gani.

Jibu lilipatikana mwaka 1842, na pamoja nalo yakazaliwa mabishano. William Bowman wa London alionyesha kuwa kila kifundo kimekaa ndani ya kikombe, na kikombe hicho ndicho mwanzo wa mrija. Akadhani kuwa kifundo hutoa maji, na seli za mrija huutoa uchafu katika damu na kuutia katika maji hayo. Mwaka huo huo Carl Ludwig wa Marburg, Ujerumani, alitoa rai nyingine. Alisema kuwa nguvu ya damu husukuma maji pamoja na vitu vyote vidogo vilivyomo, chumvi, sukari na uchafu, hata vikaingia mrijani. Kisha maji mengi hurudi katika damu, na yasaliayo ndiyo mkojo.

Ni nani aliyesema kweli? Rudolf Heidenhain wa Breslau aliushika upande wa Bowman. Mwaka 1874 alitia rangi ya buluu katika damu ya sungura, akaiona rangi hiyo katika seli za mirija, wala si katika vifundo. Tena akapiga hesabu: kama Ludwig asema kweli, basi mafigo huchuja makumi ya lita kila siku, na kuyarudisha karibu yote. Ni nani awezaye kusadiki kazi ya bure namna hiyo? Hoja ile ilikuwa na nguvu, lakini ilitegemea mshangao kuliko kipimo. Jambo haliwi uongo kwa sababu latushangaza.

Kipimo kilitangazwa mwaka 1924 huko Philadelphia, Marekani. Joseph Wearn na Alfred Newton Richards walilidunga figo la chura kwa mrija mwembamba mno, wakavuta tone dogo kutoka katika kikombe kimoja. Tone lile halikuwa na protini, lakini lilikuwa na sukari na chumvi. Mkojo uliokuwa kibofuni haukuwa na sukari. Sukari ilikwenda wapi? Ilirudishwa damuni na mrija. Ludwig alikuwa amesema kweli. Lakini usimcheke Heidenhain, kwa kuwa mwaka 1923 E. K. Marshall wa Baltimore alikuwa amekwisha kuonyesha kuwa mirija ya figo la mbwa hutoa rangi damuni na kuitia mkojoni. Kila upande ulikuwa umeshika kipande cha kweli.

Leo twaijua hesabu yenyewe. Mafigo mawili ya mtu mzima huchuja lita 180 hivi kwa siku, na zitokazo nje ni lita 1 au 2 tu. Maji ya damu, ambayo ni lita 3 hivi, huchujwa mara 60 kutwa kucha.

Lilibaki swali moja: seli hurudishaje? Chumvi iyeyukapo majini hugawanyika kuwa chembe zenye umeme, ziitwazo ayoni. Mwaka 1957 Jens Christian Skou wa Aarhus, Denmark, akichunguza neva za miguu ya kaa, aligundua protini ifanyayo kazi ya pampu. Hutoa ayoni 3 za sodiamu nje ya seli na kuingiza 2 za potasiamu, ikitumia nishati tuipatayo katika chakula. Katika mirija ya figo, pampu hiyo hukaa upande wa seli uelekeao damu. Sodiamu ikipungua ndani ya seli, nyingine huingia kutoka mrijani, ikifuatana na sukari. Na maji huifuata chumvi. Mlango wa maji ulithibitishwa mwaka 1992 na Peter Agre wa Baltimore. Mayai ya chura yaliyofanywa yatengeneze protini ya mlango huo yalifura na kupasuka yalipotiwa majini, na mengine yakabaki salama. Skou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1997, na Agre mwaka 2003.

Usidhani, msomaji, kuwa habari hizi ni za vitabuni tu. Mgonjwa ambaye mafigo yake yamekufa huweza kusafishwa damu kwa mashine, lakini huagizwa apime maji anywayo na chumvi alayo. Sababu yake sasa waijua. Mashine huchuja kwa saa chache, kisha hufunguliwa; haina seli za kupima, usiku na mchana, kipi kirudi na kipi kiende. Kazi hiyo waifanyiwa wewe hivi sasa, unaposoma ukurasa huu, na mirija zaidi ya milioni moja. Itunze ingali nzima. Nawe ukikuta wawili wakibishana, kila mmoja na ushahidi wake, usifanye haraka kumtupa mmoja. Tafuta kwanza kipimo.