Maksai Wawili, Mvua Moja: Historia ya Kuvuta Ukambani

Hesabu ya kuvuta haina huruma. Jozi ya maksai wa kienyeji, kila mmoja wa kilo 300 hivi, huweza, kwa saa kadhaa bila kuzidiwa, kuvuta kwa nguvu inayokaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wao, yaani kilo 60 au 70. Plau ikizamishwa sentimita 15 katika udongo mwekundu wa Makueni uliopigwa jua tangu Juni, inaweza kudai kilo 100 na zaidi. Ndiyo maana mkulima husubiri mvua ilainishe ardhi, au huazima maksai wa jirani wafungwe wanne kwa mnyororo mmoja. Na ndiyo maana mvua ikishapiga, Kitui na Makueni nzima huingia mashindanoni asubuhi moja: nani ana wa kuvuta, na nani atasubiri zamu.

Kungoja zamu kuna gharama. Mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo wakulima wengi wa huku huzitegemea kuliko zile za Machi hadi Mei, mara nyingi hukatika kabla mahindi hayajajaza punje. Mbegu ya Katumani, iliyozalishwa katika kituo cha utafiti karibu na mji wa Machakos miaka ya 1960, ilikusudiwa hasa kuikimbia hali hiyo kwa kukomaa mapema. Lakini mbegu ya haraka haimsaidii aliyechelewa kulima. Tena maksai huwa wamekonda kupita kiasi wiki ileile wanapohitajika, kwa kuwa kiangazi kimekwisha kula nyasi zote. Kuna wanaodhani shida ya Ukambani ni mvua peke yake. Nadhani nusu ya shida hiyo ni nguvu ya kuvuta inayofika siku kumi baada ya mvua.

Kwingineko duniani wakulima waligeuza kuvuta kuwa burudani. Wamarekani walianza kwa farasi, kila mmoja akijigamba kuwa wake ndio wenye nguvu kijijini, na kufikia 1929 mashindano ya matrekta yalikuwa yamefanyika Missouri na Ohio. Zamani watazamaji walisimama kando ya njia na kupanda mmoja mmoja juu ya gari la kuteleza kadiri trekta lilivyolikokota, ili mzigo uzidi. Baadaye ikabuniwa mashine ya kusogeza uzito mbele hatua kwa hatua, hadi trekta lishindwe au likamilishe futi 300, karibu mita 91. Tangu 1969 wana chama cha kitaifa chenye sheria zake, na mafundi huunda matrekta yenye injini mbili, tatu au zaidi, nyingine zikiwa zimetolewa kwenye ndege za kivita. Malori nayo yana daraja lake. Mafuta mengi huchomwa na hakuna hata mfuo mmoja wa mahindi unaobaki nyuma. Kwa mtu wa Mutomo, Kitui, au Kathonzweni, Makueni, hiyo ni anasa ya ajabu, ingawa sina shaka angesimama kutazama mpaka mwisho.

Huku kwetu kuvuta kulichelewa kuanza. Misafara ya pembe za ndovu iliyotoka Kitui kwenda Mombasa katika karne ya 19 ilitegemea vichwa na mabega. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui aliyempokea mmishonari Johann Ludwig Krapf mwaka 1849, mwaka ambao Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui, hakuhitaji gurudumu ili awe tajiri. Shambani watu walitumia fimbo ya kuchimbia na baadaye jembe la mkono. Wahunzi wa Kikamba walijua chuma vizuri, na minyororo yao myembamba ilisifiwa mbali, ila haikuwa minyororo ya kukokotea. Ng'ombe alikuwa maziwa, mahari na akiba ya siku mbaya. Kumfunga nira hakukuwa na sababu.

Mzungu alipoleta gari la ng'ombe, nyika ililikataa. Katika miaka ya 1890 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilianza kufungua njia ya magari hayo kutoka Mombasa, ikipitia Kibwezi, na Kapteni Sclater akaiendeleza hadi Busia mwaka 1895 na 1896. Kwenye ramani ilipendeza. Lakini vichaka vya huku vilijaa mbung'o, na mwanzoni mwa mwongo huohuo sotoka ilikuwa imeua ng'ombe kwa wingi kote Afrika Mashariki. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, njia ya maksai ilipoteza maana. Tatizo la mbung'o halikuisha. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika mpaka wa Afrika Mashariki ya Wajerumani, wanyama wa mizigo walikufa, na serikali ikawachukua watu badala yao. Vijana wengi wa Ukambani waliingia Kariakoo, jeshi la wapagazi, kubeba kile ambacho maksai hawakuweza kukivuta.

Plau ya chuma ilifika Machakos katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, kutoka mashamba ya walowezi na kwa mikono ya Wakamba waliofanya kazi huko. Wakati huo Makueni ilikuwa sehemu ya wilaya ya Machakos. Ilijitenga mwaka 1992 tu. Plau iliyopendwa ilikuwa nyepesi, yenye mikono miwili, wembe mmoja na bapa la kupindua udongo. Waliomudu kuinunua walikuwa wachache: wenye ng'ombe wa kutosha na mshahara wa nje. Hata hivyo ilibadilisha ukubwa wa shamba. Mfuo wa plau una upana wa sentimita 22 hivi, kwa hiyo ekari moja humtembeza mlimaji karibu kilomita 18 nyuma ya maksai wake. Ni asubuhi mbili za kazi, kwa sababu jua likipanda wanyama hugoma. Kwa jembe la mkono, ekari hiyohiyo ni majuma.

Katikati ya mabadiliko hayo ndipo serikali ilipoamua kuwa ng'ombe wa Wakamba wamezidi. Mmomonyoko wa udongo ulikuwa mkubwa kweli. Hilo halina ubishi. Dawa iliyochaguliwa mwaka 1938 ilikuwa kukamata mifugo na kuiuza kwa bei ya chini, huku kiwanda cha nyama cha Liebig kikiwa tayari Athi River. Maafisa walihesabu nyasi zilizoliwa. Hawakuhesabu mifuo ambayo wanyama hao wangelima. Muindi Mbingu na chama cha Wakamba, Ukamba Members Association, waliongoza maandamano ya miguu hadi Nairobi, wanaume kwa wanawake, zaidi ya watu 1,500, wakapiga kambi kwa majuma wakitaka kuonana na Gavana Brooke-Popham. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Lamu, lakini mpango wa kukamata ng'ombe kwa nguvu uliachwa. Leo mtaa wa katikati ya Nairobi una jina lake, na wengi wanaoegesha magari hapo hawajui kwamba kisa chake kilikuwa ng'ombe.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja zamu ya trekta, na safari hii lilikuja likiwa na serikali juu yake. Huko Machakos matrekta yalipoletwa kukata makinga-maji, baadhi ya watu walijilaza mbele yake. Hofu yao haikuwa ya kipumbavu: waliowahi kuona ardhi ikipimwa na kulimwa kwa mashine walikuwa wameiona ikienda kwa walowezi. Wakati huohuo ulianzishwa mpango wa makazi wa Makueni, katika vichaka ambavyo mbung'o alikuwa amevifanya visikalike. Kichaka kilipaswa kukatwa kwanza, mbung'o aondoke, ndipo ng'ombe aingie, na ng'ombe akishaingia plau imfuate. Anayepita leo Wote au Kathonzweni akaona maksai wakigeuka mwisho wa shamba, anaona kitu ambacho vichaka vya miaka 90 iliyopita visingekiruhusu.

Makinga-maji yenyewe yalichimbwa hatimaye kwa sepetu na mikono ya vikundi vya kusaidiana kazi, mwethya, wanawake wakiwa wengi, kwa mtindo wa fanya juu: udongo unatupwa upande wa juu wa mtaro hadi shamba lijisawazishe. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha 1994 kuhusu Machakos ya tangu miaka ya 1930, walieleza jinsi ardhi iliyokuwa ikisemwa imekufa ilivyofufuka huku watu wakiongezeka. Kufikia miaka ya 1980 zaidi ya nusu ya wakulima wa wilaya hiyo walikuwa na plau. Askari waliorudi vitani na wafanyakazi wa Nairobi na Mombasa walikuwa wamezinunua kwa akiba zao. Na plau haikubaki ya kulimia tu. Watu walianza kupanda kwa mistari, kisha wakaipitisha tena kati ya mistari kupalilia. Mume akiwa mjini, mke ndiye aliyeshika mikono ya plau, na mtoto akatangulia mbele ya maksai kuwaongoza kabla ya kwenda shule.

Kisha ukame wa 1984. Wakamba waliuita Nikw'a ngwete, nafa nikiwa nazo mkononi, kwa sababu hata mwenye pesa hakupata chakula cha kununua. Mvua iliporudi, mashamba yalikuwapo, plau zilikuwapo zimeegemezwa ukutani, lakini maboma mengi hayakuwa na wa kufungwa nira. Tangu hapo kila ukame mkubwa umerudia kisa hicho, na punda amekuwa akipanda cheo. Anakula kidogo, anavumilia kiu, na kati ya msimu na msimu anabeba mitungi ya maji kutoka mito ya mchanga kama Tiva na Thwake. Ni mito hiyohiyo ambamo malori ya mchanga hukwama hadi ekseli, yakavutwa na malori mengine kwa minyororo na kelele nyingi, jambo la karibu kabisa na yale mashindano ya Wamarekani. Makueni ilitunga sheria yake ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na burudani hiyo ikapungua.

Punda naye aliponea chupuchupu. Kuanzia 2016 machinjio yenye leseni yalifunguliwa nchini, mojawapo Machakos, kwa ajili ya ngozi zinazochemshwa China kutengeneza dawa. Wizi wa usiku ukaenea. Sensa ya 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 Kenya; ya 2019 ikahesabu milioni 1.2 hivi. Waziri wa Kilimo Peter Munya alipiga marufuku uchinjaji Februari 2020, Mahakama Kuu ikaitangua marufuku hiyo Mei 2021, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusitisha biashara ya ngozi hizo barani. Bei ya punda ilipanda muda wote huo, na aliyeibiwa hakuweza kununua mwingine kabla ya mvua.

Trekta limerudi, sasa likiwa la kaunti. Katiba ya 2010 iliigatua huduma ya kilimo, na Kitui na Makueni zote zimewahi kutoa huduma ya kulima kwa bei nafuu. Trekta la nguvu farasi 50 lenye plau ya sahani tatu humaliza ekari kwa muda wa saa moja hivi. Wakati Charity Ngilu alipokuwa gavana wa Kitui na kuhimiza kilimo cha ndengu, zao linalovunwa baada ya siku 70 hivi, kasi hiyo ilionekana jibu kamili. Lakini wadi ina mashamba mengi yenye makinga-maji membamba, trekta hugeuka kwa taabu, na ekari zote hulitaka wiki moja. Aliye mwisho wa orodha hana tofauti na aliyekuwa akisubiri maksai wa jirani.

Kenya iliwahi kuandaa mashindano ya dunia ya kulima kwa plau, mwaka 1995, katika Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro. Mashindano hayo yalianza Canada mwaka 1953, na mshindi wake si mwenye injini kubwa. Waamuzi hutazama unyoofu wa mfuo, usawa wa kina, namna majani yalivyofukiwa na jinsi mfuo wa mwisho ulivyofungwa. Mkulima wa Kitui angeuliza swali moja ambalo waamuzi hawaliulizi: ulianza siku ya ngapi baada ya mvua?

Swali hilo ndilo linalosukuma chombo kipya kiasi, ripa, ambacho hakipindui udongo bali huuchana mstari mwembamba wa kupandia. Kwa kuwa hugusa ardhi kidogo, maksai wawili wanaweza kukivuta udongo ukiwa bado mkavu, na mbegu ikaingia kabla ya tone la kwanza. Ripa nzito ya trekta huvunja pia tabaka gumu lililojengwa na plau kupita kina kilekile kwa miongo mingi. Miradi kadhaa imefundisha matumizi ya ripa Kitui na Makueni. Wataalamu wake husisitiza mabua ya mahindi yabaki shambani yafunike udongo, unyevu usipotee. Wakulima wengi huyakata na kuyahifadhi juu ya miti, kwa sababu ndiyo chakula cha pekee kitakachowafikisha maksai Oktoba wakiwa na nguvu ya kuvuta hiyo ripa. Mabua hayatoshi kwa kazi zote mbili.