Msokoto wa Mtutu: Bunduki za Mawindo kati ya Ngerengere na Rufiji

Katika karne ya 19 misafara mingi iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe iliuvuka mto Ngerengere kabla ya kuingia Simbamwenni, mji wa ngome uliojengwa na Kisabengo chini ya milima ya Uluguru, karibu na ulipo mji wa Morogoro leo. Henry Morton Stanley alipita hapo mwaka 1871 na kuuandika mto huo kwa jina la Ungerengeri. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Nguo, shanga, bunduki na baruti zikapanda bara. Mwaka 1888 Euan-Smith, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kwamba silaha kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa magobore, ingawa za kisasa zinazopakiwa nyuma zilikwisha kuanza kupenya, na hizo ndizo zilizowakosesha wakubwa usingizi.

Gobore ni bomba laini. Baruti hushindiliwa mdomoni, kikafuata kitambaa au nyuzi, kisha goroli ya risasi au vipande vya chuma. Goroli lazima iwe nyembamba kidogo kuliko mtutu, la sivyo haishuki, hasa masizi yakishaganda humo ndani. Kwa hiyo inapotoka hugongagonga kuta, na ukuta iliougusa mwisho ndio unaoamua ielekee wapi. Kwa mbali ni bahati nasibu. Lakini mwindaji wa kingo za msitu wa Uluguru, anayemvizia funo au nguruwe aliyeingia shambani, hakuhitaji mbali. Alihitaji silaha ambayo fundi wa kijijini angeweza kuitengeneza, na gobore ilimfaa.

Raifo ni jambo jingine. Ndani ya mtutu wake fundi amechonga mifereji inayojipinda kutoka nyuma hadi mdomoni. Kichwa cha risasi kikisukumwa na moto huuma mifereji hiyo, kikalazimika kuzunguka, na kikitoka nje huendelea kuzunguka na kushika mwelekeo kama pia iliyopigwa vizuri. Faida yake kubwa ni kwamba risasi haihitaji tena kuwa goroli. Inaweza kuwa ndefu, na risasi ndefu ina uzito mwingi nyuma ya ncha ndogo: hupasua hewa bila kupoteza kasi upesi, na ikifika mwilini huzama. Lakini kadiri inavyorefuka ndivyo hewa inavyotaka kuipindua, na ndivyo inavyodai mzunguko wa haraka zaidi. Huo ndio msokoto: urefu wa mtutu ambao risasi hutumia kumaliza duara moja. Namba ikiwa ndogo, msokoto ni mkali.

Mwaka 1879 Alfred George Greenhill, mwanahisabati aliyefundisha maofisa wa mizinga kule Woolwich, Uingereza, aliirahisisha hesabu hiyo. Chukua upana wa risasi, uuzidishe kwa wenyewe, uzidishe tena kwa 150, kisha ugawe kwa urefu wa risasi. Jibu ni msokoto unaotosha. Tazama kisichokuwemo: uzito. Wawindaji wengi hadi leo huulizana risasi ina gramu ngapi, ilhali swali la mtutu ni ina urefu gani.

Hapo ndipo sheria ilipoingilia. Mkataba wa Brussels, uliotiwa saini Julai 1890 kwa jina la kukomesha biashara ya watumwa, ulizuia silaha za kisasa kuingia katika ukanda wa Afrika ulio kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Raifo zilitajwa waziwazi. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa watu wa kawaida, chini ya usimamizi, kilikuwa bunduki ya gumegume isiyo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida. Mfereji wa sehemu ndogo ya milimita ukawa mpaka wa tabaka. Tunaposoma maelezo ya wageni wakilicheka gobore la mwindaji Mluguru kuwa ni dalili ya kubaki nyuma, tukumbuke kwamba kubaki huko kuliandikwa kwenye mkataba. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann akaongeza kanuni za uwindaji za Afrika Mashariki ya Kijerumani, zilizodai vibali na kutenga mapori ya akiba, moja likiwa upande wa Rufiji. Tangu hapo mwenye gobore aliyeua nyati kwa kitoweo alikuwa jangili, na mwenye raifo na kibali alikuwa mwindaji.

Mwaka 1905 mambo mengi yalikutana. Ujenzi wa reli kutoka Dar es Salaam ulianza, ukipita Ngerengere na kufika Morogoro mwaka 1907. Julai ya mwaka huohuo wa 1905 Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi. Na kule Berlin fundi bunduki Otto Bock alitoa risasi ya 9.3x62, aliyoikusudia kwa walowezi na wawindaji wa makoloni ya Afrika waliotaka bunduki moja ya bei nafuu inayotosha kwa swala na kwa nyati. Ujanja wake ulikuwa katika vipimo. Ganda lake liliingia katika mtambo wa kawaida wa Mauser 98, kwa hiyo mlowezi hakulazimika kununua bunduki ya mitutu miwili ya Kiingereza, ambayo bei yake ilikuwa ya matajiri.

Kichwa cha Bock kilikuwa na gramu 18.5, ncha ya duara, na msokoto wa mtutu ulikuwa milimita 360. Tuipime kwa Greenhill. Risasi ya aina hiyo ina urefu wa milimita 33 hivi, 9.3 mara 9.3 mara 150, gawa kwa 33, unapata kama milimita 393. Msokoto wa 360 ni mkali kidogo kuliko unaodaiwa, yaani kuna akiba. Kwa mwendo wa mita 700 hivi kwa sekunde, risasi hiyo inatoka ikizunguka zaidi ya mara 1,900 kwa sekunde. Mwendo wenyewe si wa kutisha. Lakini katika miombo na nyasi ndefu za kusini mwa reli, ambako nyati huonekana akiwa hatua hamsini, kasi kubwa ni hasara: risasi laini inayokwenda mbio hupasukia begani kabla haijafika moyoni. Kwa maoni yangu hakuna mzungu wa zama zile aliyeielewa ardhi hii kupitia chuma kuliko Bock.

Uchaguzi wa kichwa chenyewe ulikuwa wa namna mbili. Kuna kigumu, kilichovikwa chuma chote, ambacho hakitanuki: hiki ni cha tembo, kifaru na kiboko. Kuna laini, ambacho ncha yake ya risasi imeachwa wazi ili ifunguke ndani ya nyama: hiki ni cha pofu, kuro, ngiri na simba. Kilichoruhusiwa kwa mnyama hakikuruhusiwa kwa adui. Azimio la The Hague la mwaka 1899 lilipiga marufuku vichwa vinavyotanuka katika vita baina ya mataifa yaliyotia saini. Kule Karamoja, Uganda, W. D. M. Bell aliangusha mamia ya tembo kwa 7x57, bunduki ndogo yenye msokoto mkali wa milimita 220 na kichwa kigumu, kirefu, cha gramu 11.2. Sifa zake ziliwaponza wengi. Bell alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi. Waliomuiga walinunua bunduki na kuliacha fuvu.

Vita vya 1914 viliziweka mbele raifo za kijeshi. Kombania nyingi za askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, ziliingia vitani na Mauser za mwaka 1871, za milimita 11, zenye kichwa cha gramu 25 na msokoto mlegevu wa milimita 550. Zilipiga kwa kishindo, ila moshi wa baruti nyeusi ulimfichua askari kila alipofyatua. Waingereza waliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916. Wajerumani walibomoa madaraja ya reli wakapitia Uluguru hadi Kisaki. Huko mbele, Beho Beho, tarehe 4 Januari 1917, aliuawa Frederick Selous, mwindaji aliyeanza ujanani kwa bunduki za kushindilia za goroli nzito mno, akaja kujijengea jina kwa Gibbs ya .461 yenye mifereji ya Metford. Pori kubwa la akiba lilipewa jina lake mwaka 1922, na sehemu yake ya kaskazini ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019.

Chini ya Waingereza maduka yalijaa kaliba za Kiingereza. .318 ya Westley Richards ilipendwa kwa kichwa chake chembamba na kirefu cha gramu 16.2, kilichozama kuliko umbo lake lilivyoonyesha. .404 ya Jeffery ikawa chombo cha kazi cha idara za wanyamapori katika kudhibiti tembo walioharibu mashamba. Mauser za milimita 8 zilizoachwa na Wajerumani nazo zilikuwa na mtego wake: za mwanzo zilitengenezwa kwa kichwa cha milimita 8.08 hivi, na za baada ya 1905 kwa 8.22. Ganda ni lilelile kwa macho. Kulazimisha kichwa kinene katika mtutu mwembamba ni kuchezea uso wako.

Kilichoziua kaliba nyingi za Kiingereza si ubaya wake, ni kiwanda. Kynoch ilipoacha kutengeneza risasi za mawindo ya Afrika katika miaka ya 1960, raifo nzuri zilibaki kabatini bila chakula. Zilizoendelea ni zile ambazo viwanda vya nchi nyingi vilikuwa vikizitengeneza: .375 ya Holland & Holland ya mwaka 1912, yenye msokoto wa milimita 305, na 9.3x62 ya Bock. Magobore nayo yapo. Kila Serikali inapotangaza msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu, huwa yamo katika lundo.

Swali jipya limeletwa na vichwa vya shaba tupu, visivyo na madini ya risasi ndani, vinavyosifiwa kwa kutosambaza sumu katika nyama na kwa tai wanaokula mabaki. Shaba ni nyepesi kuliko madini hayo, kwa hiyo kichwa cha gramu 18.5 cha shaba ni kirefu zaidi, kama milimita 38. Hesabu ileile sasa inadai milimita 341, na wepesi wa shaba wenyewe, ambao hesabu hiyo haiujumuishi, unaishusha zaidi. Mtutu wa zamani wa 360 hauna tena akiba. Mwenye raifo hiyo hana haja ya kubadili mtutu. Achukue kichwa cha shaba cha gramu 16.2, kwenye boksi huandikwa greni 250, ambacho urefu wake unakaribia ule wa Bock. Kabla ya kuingia porini apige karatasi kwa hatua mia. Tundu likiwa la mviringo safi, msokoto umetosha. Likiwa refu, risasi imefika ikiwa imelala ubavu.