Matembezi ya bonde la Cuckmere

Matembezi ya bonde la Cuckmere ni njia ya mzunguko kwa waenda kwa miguu katika wilaya ya East Sussex, kusini mwa Uingereza. Huanzia Exceat, kwenye barabara kuu kati ya miji ya Seaford na Eastbourne, hufuata Mto Cuckmere hadi unapoingia katika Mfereji wa Kiingereza, kisha hurudi Exceat kwa upande mwingine wa uwanda uleule. Mzunguko una urefu wa karibu kilomita 5 na hauna mlima wowote, hivyo hufaa hata familia zenye watoto wadogo. Uko ndani ya Hifadhi ya Taifa ya South Downs.

Njia

Kutoka Exceat, palipo na kituo cha wageni katika ghala la zamani la shamba, njia pana iliyosakafiwa hupita chini ya vilima vya upande wa mashariki. Kulia kwake huonekana mizingo mikubwa ya mto, na kushoto malisho ya kondoo. Mwisho wake ni Cuckmere Haven, ufuko wa kokoto usio na mchanga mwingi, ambapo kutembea huwa kuzito na kiti cha magurudumu hakipiti. Kurudi, mtembeaji hupanda tuta la udongo lililo kando ya mto na kulifuata hadi Exceat.

Mlangoni hakuna daraja wala kivuko. Jambo hili huwashangaza wageni wengi, kwa sababu picha maarufu za miamba myeupe ya Seven Sisters, yenye nyumba ndogo za walinzi wa pwani mbele yake, hupigwa kutoka ng'ambo ya magharibi. Anayefuata mzunguko wa mashariki huishia chini ya miamba yenyewe na hawezi kuiona yote kwa pamoja. Anayetaka mandhari hiyo hana budi kurudi hadi daraja la Exceat na kushuka upya kwa ukingo wa pili.

Chini ya miamba pana hatari. Chaki ni mwamba laini, na vipande vikubwa huanguka bila onyo, hasa baada ya mvua nyingi. Maji yakijaa, anayetembea ufukoni kuelekea mashariki anaweza kuzingirwa kati ya bahari na ukuta wa mwamba.

Mto ulionyooshwa

Picha za Cuckmere hutumiwa sana katika masomo ya jiografia kuonyesha mizingo ya mto. Kwa kawaida maji hukimbia zaidi upande wa nje wa kona na kuumega ukingo, huku upande wa ndani yakienda polepole na kutua tope. Ndivyo kona inavyozidi kujipinda mwaka hadi mwaka. Lakini mizingo inayoonekana hapa haifanyi kazi hiyo tena. Katika miaka ya 1840 ulichimbwa mkondo ulionyooka kutoka Exceat hadi baharini, ili kupunguza mafuriko na kukausha ardhi kwa ajili ya malisho. Tangu wakati huo mto wenyewe hupita katika mkondo huo, kati ya matuta mawili, na mizingo ya zamani imebaki na maji yaliyotulia. Haikukatwa na mto wenyewe kama maziwa ya upinde yanavyoelezwa vitabuni. Ilikatwa kwa majembe. Mwanafunzi aliyesimama juu ya tuta huona mito miwili kwa wakati mmoja: ule wa asili uliosimama na ule wa kuchimbwa unaotiririka.

Kazi ya wahandisi hao haikuisha. Mawimbi husukuma kokoto kuelekea mashariki na kuelekea kuziba mlango wa mto, na kwa miaka mingi zilihamishwa kwa mashine. Matuta nayo huhitaji kutengenezwa kila yanapoliwa na maji. Mwaka 2011 mamlaka ya serikali inayoshughulikia mazingira iliacha matengenezo ya kawaida ya kingo hizo, kwa kuwa gharama ilionekana kuzidi faida. Wanaounga mkono uamuzi huo husema bahari ikiachwa iingie, uwanda utarudi kuwa kinamasi cha maji ya chumvi chenye ndege na samaki wengi. Wanaoupinga huhofia kupoteza mizingo, njia yenyewe na nyumba za walinzi wa pwani; fedha zilichangishwa ili kuimarisha ukuta unaozikinga nyumba hizo. Tuta likibomoka, njia ya kurudia huweza kukatika, kwa hiyo inafaa kuuliza hali yake kituoni kabla ya kuondoka.

Historia na viumbe

Tofauti na milango mingi ya mito ya kusini mwa Uingereza, Cuckmere Haven haina mji wala bandari. Exceat ilikuwa kijiji katika zama za kati, lakini ilidhoofishwa na tauni ya karne ya 14 na mashambulizi ya Wafaransa. Katika karne ya 18 ufuko huo mtupu uliwafaa wafanya magendo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia uliwekwa vizuizi vya vifaru na vibanda vya zege vya kufyatulia risasi, ambavyo baadhi yake vipo hadi leo. Usiku taa ziliwashwa bondeni ili marubani wa Ujerumani wadhani wako juu ya bandari ya Newhaven, iliyo upande wa magharibi.

Yangeyange mdogo, ndege yuleyule anayeonekana kwenye mito na mikoko ya Afrika Mashariki, huvua samaki katika mizingo, na mnandi hukausha mbawa zake kandokando. Majira ya baridi huleta makundi ya bata wa kaskazini, ambao hula majani ya uwandani.