Vibonye Vitano vya Mkono wa Kushoto

Ukimtaja Douglas Engelbart, wengi watakwambia: huyo ndiye baba wa kipanya cha kompyuta. Sawa, hatukatai. Lakini kipanya kilikuwa cha mkono wa kulia tu. Mkono wa kushoto nao aliupa kazi yake, na habari hiyo ndiyo iliyosahauliwa.

Tarehe 9 Desemba 1968, mjini San Francisco, Engelbart alikaa mbele ya watu wapatao 1,000 akaonyesha kwa dakika 90 jinsi mtu anavyoweza kuandika na kupanga maneno kwenye skrini. Kulia kwake kipanya, katikati kibodi, na kushoto kidude chenye vibonye vitano virefu, kama piano ya mtoto.

Vibonye vitano kwa herufi 26, itawezekanaje? Hesabu yake hii hapa. Kila kibonye kina thamani: 1, 2, 4, 8 na 16. A ni 1, B ni 2, C ni 3, yaani 1 na 2 kwa pamoja. Ukiendelea hivyo unapata michanganyiko 31. Nimeipima kwa Kiswahili: A, ambayo imejaa kila mahali katika lugha yetu, ni kidole kimoja tu. Raha iliyoje! O ni vidole vinne. Anayesimulia habari za moto na moshi atachoka mapema.

Sikuingia katika jambo hili kwa udadisi mtupu. Mkono wangu wa kulia hauna nguvu tangu utotoni, na kwenye kibodi ya kawaida ule wa kushoto hukimbia huku na huko kama mpokea simu wa ofisi tatu. Kumbe tangu miaka ya 1960 kulikuwa na kifaa ambacho mkono unatua mahali pamoja na kubaki hapo hapo!

Mbona basi hakikutufikia? Xerox Alto ya 1973 bado ilikikubali. Xerox Star ya 1981 na Macintosh ya 1984 zilichukua kipanya, vibonye zikaviacha. Vibonye vilidai mazoezi, na watengenezaji walitaka mashine ambayo mgeni ataizoea upesi. Naona walimfikiria mno mtu wa siku ya kwanza, wakamsahau atakayeketi pale miaka 20.

Programu za leo hazina habari na vibonye hivyo. Dawa yake ni mkalimani. Tangu USB ilipotoka mwaka 1996, kifaa chochote kinaweza kujitambulisha kwa kompyuta kuwa ni kibodi. Basi unaweka chipu ndogo katikati: inasoma vibonye, inajumlisha, halafu inasema "hii ni A". Programu inaamini inaongea na kibodi ya kila siku.

Ugumu uko kwenye muda. Vidole havitui kwa pamoja hata ukijitahidi vipi. M ni 8 na 4 na 1. Chipu ikiwa na haraka na ile 1 ikachelewa, inapata 12, ambayo ni L. Ukiandika "mama", inatoka "lala". Kwa hiyo chipu hufundishwa kungoja: inakumbuka kila kibonye kilichoguswa, na herufi haitoi mpaka vidole vyote vimeinuka.

Changu kina vibonye vya kununua dukani, vimekazwa kwenye kipande cha mbao. Aya hizi tatu za mwisho nimeziandika nacho.