Safari ya Shimla: kwa nini nang'ang'ania tupite njia ya zamani

Huku chuoni mambo ni yaleyale, dengu za mesi ni zilezile (ukimwambia mama nyumbani kwamba umechoka kula dengu anacheka tu), na majaribio ya katikati ya muhula yamekwisha juzi. Sasa habari ya mjini hapa hosteli ni moja: likizo ya Diwali. Siku nne. Waswahili wanne, gari la kukodi na dereva wake, na milima ya Himalaya ambayo tumekuwa tukiichungulia kutoka juu ya paa hapa Chandigarh mwaka na ushee bila kuikanyaga. Asubuhi za baridi, hewa ikisafika, unaiona kabisa imekaa kama ukuta wa buluu. Halafu unashuka kwenda darasani.

Ugomvi ni wapi pa kwenda. Washikaji wawili wanataka Manali, kilomita zinazokaribia 300 kutoka hapa, wakatafute theluji wapige picha za kuwarushia watu Mbagala. Dada yetu wa Morogoro hana upande, anasema popote mradi asitapike njiani. Mimi nasema Kasauli, Shimla, halafu Kotgarh, basi. Juzi usiku tulibishana mpaka mlinzi akaja kutugongea mlango. Nikawaambia sawa, nitaandika sababu zangu hapa ili na nyie wengine msome, maana wapo wanaoniuliza kwenye simu "India kuna baridi kweli?" Ndugu zangu, ipo.

Tuanze na swali ambalo lilinisumbua siku ya kwanza kufungua ramani: nani alikwenda kujenga mji mzima kwenye kigongo cha mlima, mita 2,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari, pasipo na mto mkubwa, pasipo na uwanja wa kulima, pasipo na hata sehemu tambarare ya kuweka soko? Mtu mwenye akili za kilimo hajengi pale. Jibu ni kwamba mji ule haukujengwa na mkulima wala mfanyabiashara. Ulijengwa na watu waliokuwa wanakimbia joto.

Waingereza walifika kwenye vilima vile kwa vita. Kati ya 1814 na 1816 Kampuni ya India Mashariki ilipigana na Wagurkha wa Nepal, ambao walikuwa wamepanua ufalme wao mpaka huku magharibi. Wagurkha waliposhindwa, Kampuni ikajikuta na vipande vya milima mikononi. Mwaka 1822 ofisa mmoja, Charles Pratt Kennedy, akajenga nyumba ya kwanza ya kudumu ya Mzungu pale Shimla. Mwaka 1827 akaja gavana mkuu mwenyewe, Lord Amherst, kupumzika. Na unajua mambo ya wakubwa, bosi akipapenda mahali, kila karani naye anagundua kwamba afya yake inahitaji hewa ya mahali palepale.

Utani pembeni, hoja ya afya ilikuwa ya kweli. Askari wa Kizungu kule tambarare walikufa sana, kwa kipindupindu na homa kuliko kwa risasi. Kwa hiyo miaka ya 1840 kambi za jeshi zikapandishwa mlimani, na Kasauli ikiwa mojawapo. Hapo ndipo nataka tulale usiku wa kwanza. Ni mji mdogo kabisa, bado una kambi ya jeshi, lakini kwa wale wenzetu wa udaktari una jambo kubwa: mwaka 1900 ilifunguliwa pale taasisi ya Pasteur, ya kwanza nchini India, kwa ajili ya kutibu walioumwa na mbwa wenye kichaa. Kabla ya hapo, aliyeumwa akiwa na uwezo alipakiwa meli kwenda Paris. Asiye na uwezo, mnajua wenyewe.

Haya, Shimla sasa. Mwaka 1864 John Lawrence, Viceroy wa wakati ule, yaani mwakilishi wa malkia, aliufanya rasmi kuwa makao makuu ya serikali wakati wa kiangazi. Hebu fikirini maana yake. Makao makuu ya kawaida yalikuwa Calcutta, kule mashariki karibu na bahari. Kila mwaka joto likianza, serikali nzima inafunga mizigo: mafaili, ramani, makarani, wake, watoto, mbwa, mpaka piano. Wanavuka bara zima, zaidi ya kilomita 1,600, halafu wanaanza kupanda mlima. Wanakaa mpaka mvua ziishe na baridi ianze, wanarudi. Mwakani tena. Sehemu kama moja ya tano ya watu wote wa dunia ilikuwa inatawaliwa kutoka kwenye kigongo kile kwa miezi mingi ya mwaka.

Na msidhani sisi tulikuwa mbali na habari hizi. Mwaka 1861, miaka mitatu kabla ya Shimla kupewa cheo hicho, ni Viceroy wa India, Lord Canning, aliyeamua ugomvi wa watoto wa Seyyid Said na kuitenganisha Zanzibar na Oman. Seyyid Majid abaki na Zanzibar, lakini alipe riale 40,000 kila mwaka kwa kaka yake Thuwaini kule Maskati. Uamuzi wa nani atawale Unguja ulitoka India! Na neno "rupia" mnadhani babu zetu walilitoa wapi? Nilipomwambia jamaa wa Kipunjabi ninayekaa naye chumba kimoja kwamba pwani yetu tulitumia rupia mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920, alidhani namtania.

Sasa nifike kwenye sehemu inayonigusa, na ndiyo hasa sababu ya kung'ang'ania njia hii.

Piano haipandi mlima yenyewe. Ilibebwa na watu. Kabla ya reli, na hata baada yake, kila kitu kilichofika juu kilikwenda kwa migongo ya watu, nyumbu na mikokoteni ya ng'ombe. Mabibi walibebwa kwenye viti vya kuning'iniza kwenye miti, baadaye kwenye riksho za kusukumwa na wanaume wanne. Huko vijijini kulikuwa na utaratibu ulioitwa begar: kazi ya shuruti. Ofisa au msafiri akipita barabarani, hasa ile barabara iliyoanzwa kujengwa mwaka 1850 kuelekea mpaka wa Tibet, kijiji kinatakiwa kutoa wapagazi. Uwe unavuna, uwe una mgonjwa ndani, utabeba. Malipo kidogo sana au hakuna. Mtu aliyesoma habari za wapagazi wa Bagamoyo, au aliyesimuliwa na babu yake kazi za manamba na kodi ya kichwa, hahitaji kuelezwa zaidi.

Watu hawakukaa kimya. Januari 1921, katika milima ya Kumaon upande wa mashariki, maelfu walikusanyika Bageshwar siku ya sikukuu, wakachukua madaftari yaliyokuwa na orodha za majina ya wapagazi wakayatupa mtoni. Basi! Bila daftari huwezi kumwita mtu zamu. Napenda sana kisa hiki, kwa sababu hawakuhangaika na bunduki wala jumba la mkubwa, walikwenda moja kwa moja kwenye karatasi.

Na upande huu wetu wa Shimla yupo mtu wa ajabu, Samuel Stokes. Mmarekani kutoka Philadelphia, familia yenye pesa, alikuja 1904 akiwa kijana kuhudumia wagonjwa wa ukoma pale Sabathu, karibu na Kasauli. Hakurudi kwao. Akaoa huku milimani, akahamia Kotgarh, na mwaka 1916 akapanda miche ya tufaha aina ya Red Delicious kutoka Marekani. Yale matufaha mekundu ya Himachal yanayouzwa pale getini kwetu yana historia yake hapo. Lakini kilichonivutia si matunda. Stokes alipambana na begar kwa miaka, kwa barua, mikutano na kuwapanga wanakijiji wagome, mpaka ikakomeshwa eneo lake mwaka 1921. Mwaka huohuo akafungwa jela kwa kuwaunga mkono kina Gandhi. Baadaye akawa Mhindu na kuitwa Satyanand. Alifariki 1946, mwaka mmoja kabla ya uhuru. Ndiyo maana nataka tufike Kotgarh, kilomita kama 80 kupita Shimla. Manali wanakwenda watu wote.

Kuhusu reli nitasema kwa kifupi, maana nikianza sitaacha. Kutoka Kalka mpaka Shimla ni kilomita 96 za reli nyembamba, upana wa sentimita 76 tu, ilifunguliwa Novemba 1903. Madaraja zaidi ya 800, mahandaki zaidi ya 100. Mwaka 2008 UNESCO iliiingiza kwenye urithi wa dunia. Handaki refu kuliko yote ni namba 33 pale Barog, zaidi ya mita 1,100. Masimulizi ya pale yanasema injinia Barog alianza kuchimba pande zote mbili za mlima, pande hazikukutana, akapigwa faini ya rupia moja, na kwa aibu akajiua. Inasemekana kazi ilikuja kumalizwa kwa msaada wa mwenyeji mmoja, Bhalku, asiyesoma, aliyekuwa akiugonga mlima kwa fimbo na kusikiliza. Kipi chumvi kipi kweli, sijui mtaamua wenyewe, lakini makumbusho ya reli pale Shimla yamepewa jina la Bhalku, si la Barog. Na wakati ambapo reli ile inapangwa, maelfu ya watu wa Punjab hii hii walikuwa wamepakiwa meli kwenda kujenga reli ya Mombasa mpaka Ziwa Viktoria, 1896 hadi 1901. Karibu 32,000 walipelekwa, kama 2,500 hawakurudi hai. Babu wa rafiki yangu mmoja hapa anatajwa nyumbani kwao kama "yule wa Mombasa". Nilimuuliza alirudi? Akasema hapana, na mazungumzo yakaishia hapo.

Baada ya uhuru Shimla haikufa. Lile jumba kubwa la Viceroy, lililokamilika 1888, mwaka 1945 lilikuwa mahali pa mkutano wa viongozi wa India uliovunjika bila mwafaka, na miaka miwili baadaye nchi ikagawanyika. Punjab ikakatwa katikati, Lahore ikaenda Pakistan, na upande wa India ukakosa makao makuu. Wakayaweka Shimla kwa muda, mpaka mji mpya ulipokuwa tayari kwenye 1953. Mji huo mpya ndio huu, Chandigarh, tunaoulalamikia kwamba mitaa yake yote inafanana! Kwa hiyo tukipanda Shimla tutakuwa tunafuata nyuma njia ambayo serikali ilishuka nayo. Jumba lenyewe leo ni taasisi ya watafiti, unakata tiketi unaingia.

Sasa ratiba. Siku ya kwanza Kasauli, ni kilomita kama 60, tukilegea asubuhi tunafika tu. Siku ya pili kurudi barabara kuu, chai Barog, jioni Shimla. Siku ya tatu Kotgarh tukilala huko. Siku ya nne kurudi yote, ndefu, kwa hiyo kutoka alfajiri. Mwezi wa kumi na moja mvua zimekwisha, na hilo si suala la kubembelezana. Agosti 2023 mlima uliporomoka pale Summer Hill ndani ya Shimla, watu 20 wakafa hekaluni, na reli ikabaki inaning'inia hewani. Mwezi uleule barabara ya Parwanoo kuelekea Solan, iliyokuwa imekatwa kwenye ubavu wa mlima ili iwe ya njia nne, ilibomoka vibaya. Ukikata mguu wa mlima usishangae ukikaa chini. Kwa hiyo hatutembei usiku, na dereva akisema tusimame, tunasimama, hata kama ni mdogo kwetu kwa umri.

Dada wa Morogoro atakaa mbele, tangawizi mkononi.

Jambo moja bado hatujakubaliana. Zamani pale Shimla ni wakubwa watatu tu walioruhusiwa kutumia gari, na mpaka leo barabara ya juu, The Mall, ni ya miguu. Gari linaishia chini, na hapo wanakuja wapagazi, wengi wao Wakashmiri, wanabeba masanduku kwa kamba mgongoni kukupandishia hotelini. Mshikaji mmoja anasema hawezi kumbebesha mtu begi lake, anajisikia kama yule bibi wa kwenye kiti. Mwingine anasema: jamaa ametoka kwao mbali kutafuta riziki, wewe unamnyima kazi ili roho yako itulie? Mimi nimesoma yote haya na bado nimekaa katikati. Nadhani tutabeba mabegi wenyewe, yale ya mgongoni, na sanduku la vyakula tutampa mtu kwa bei atakayotaja yeye, bila kuvutana.

Gari lina nafasi moja imebaki. Mchango ni rupia elfu sita, mwisho Jumatano, mpeni yule jamaa wa chumba namba 14. Wa Manali mjipange wenyewe.