Kutoka Kinanda cha Casio hadi Singeli Ya Maajabu

Mwaka 2024 lebo ya Nyege Nyege Tapes, yenye makao yake Kampala nchini Uganda, ilitoa albamu iitwayo Singeli Ya Maajabu, kazi ya watayarishaji wawili wa Dar es Salaam, Sisso na Maiko, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakitengeneza midundo ya nyimbo ambazo wasikilizaji wengi walizifahamu kwa majina ya wachanaji waliotia sauti juu yake. Umuhimu wa albamu hiyo hauko katika kasi yake peke yake, ingawa kasi ndiyo humshtua kwanza asiyeuzoea muziki huu. Uko zaidi katika jambo ambalo historia ya muziki wa Tanzania imelipa nafasi ndogo mno, yaani kwamba mtu anayeketi mbele ya kompyuta ni mtunzi kamili, mwenye haki ya kutajwa kama anavyotajwa mwimbaji.

Singeli ni muziki wa kielektroniki, maana yake muziki ambao sauti zake nyingi huzalishwa au kugeuzwa kwa mashine, uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati. Mzizi wake mmoja ni mchiriku, muziki wa vijana wa uswahilini uliotokana na ngoma za Wazaramo, ambao wapigaji wake walichukua vinanda vidogo vya Casio, vilivyokuwa na bei nafuu, wakaviunganisha na vipaza sauti vilivyochakaa, huku mwenzao akikichapa kigoda kwa vijiti mfano wa ngoma. Kundi la Jagwa Music, lililoanzishwa mwaka 1992, ndilo lililoutangaza mchiriku nje ya nchi zaidi ya makundi mengine, hasa baada ya albamu yake ya Bongo Hotheads kutolewa mwaka 2012 na lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji. Mkwaruzo wa sauti uliotokana na vipaza sauti hivyo haukuhesabiwa kuwa kasoro. Wapigaji waliuzoea, wakautegemea, na hatimaye wakaufanya kuwa sehemu ya ladha ya muziki wenyewe.

Mzizi wa pili ni taarabu ya kisasa, ile inayopigwa kwa vinanda vya umeme na kupendwa katika harusi na sherehe za akina mama. Katika vigodoro, yaani sherehe za mitaani zinazochezwa usiku kucha hadi alfajiri, wapigaji wa muziki walikuwa wakikata vipande vya ala kutoka nyimbo za taarabu, mara nyingi sehemu ya utangulizi kabla mwimbaji hajaingia, wakavirudiarudia na kuvikimbiza ili wachezaji wasipoe. Kipande kifupi cha namna hiyo, kilichotolewa katika rekodi moja na kutumiwa kujenga nyingine, huitwa sampuli, na rekodi inapokimbizwa pasipo kurekebishwa, sauti nayo hupanda, hivyo kinanda kilichokuwa kikibembeleza hugeuka kuwa mlio mwembamba unaofanana na filimbi. Juu ya mlio huo akasimama mchanaji, mtu anayetamka mashairi yake kwa haraka bila kuyaimba, naye alipaswa kuwa na pumzi ya kutosha kuufuata mdundo ambao kwa kawaida hufika kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika.

Inafaa kulitazama jambo hilo kwa karibu. Mdundo wenye mapigo 240 kwa dakika una mapigo manne katika kila sekunde, kasi ambayo mguu wa binadamu hauwezi kuikanyaga kwa muda mrefu. Kwa hiyo mchezaji huchukua pigo moja na kuliacha linalofuata, akabaki na mwendo wa mapigo 120, ambao ni mwendo wa kawaida wa muziki wa disko duniani, wakati mabega na kiuno vikijibu yale mapigo yaliyoachwa. Mtayarishaji wa singeli anaijua hesabu hiyo hata asipoiandika popote, na ndiyo sababu hujaza nafasi za katikati kwa vishindo vidogo, miluzi na makofi, akimwachia mchezaji njia mbili au tatu za kuusoma mdundo uleule. Anayedai kwamba singeli ni kelele tupu hajaisikiliza hesabu hiyo, na ni haki kusema kwamba dharau ya miaka mingi dhidi ya muziki huu ilitokana zaidi na mahali ulikotoka kuliko na namna ulivyotungwa.

Katika muongo wa 2010 wachanaji kama Msaga Sumu, Man Fongo na Sholo Mwamba waliutoa muziki huo vigodoroni na kuufikisha redioni, na tangu hapo singeli ikaanza kusafiri hadi mikoa ya mbali na Pwani. Mkoani Arusha, abiria wa vifodi, yaani mabasi madogo ya abiria, vya Kwa Mrombo na wateja wa wachoma nyama wa eneo hilo husikia leo mdundo uliobuniwa umbali wa zaidi ya kilomita 600 kwa barabara, katika mji ambao kwa miaka mingi ulijitambulisha kwa hip-hop. Arusha, hata hivyo, haikuwa mgeni katika suala la kuifanya mashine izungumze lugha ya mahali. Kundi la X Plastaz, lililoanzishwa mjini humo katikati ya miaka ya 1990, liliwaunganisha wachanaji wa Kiswahili na mwimbaji wa Kimaasai, Yamat Ole Meipuko, aliyejulikana pia kwa jina la Merege, na likafanya kazi kwa karibu na Mholanzi Thomas Gesthuizen, aliyeshiriki kulisimamia na kulitangaza Ulaya. Albamu yao ya Maasai Hip Hop ilitolewa mwaka 2004 na lebo ya Out Here ya Ujerumani. Mmoja wa viongozi wa kundi, Faza Nelly, aliuawa Arusha mwaka 2006, pigo ambalo mji huo bado haujalisahau. Mwenzake G-San aliendelea, na mwaka 2009 alichana katika tuzo za hip-hop za kituo cha BET nchini Marekani.

X Plastaz wanastahili kutajwa katika historia ya singeli kwa sababu walitangulia kukutana na swali lilelile la namna ya kuifanya mashine izungumze lugha ya mahali. Sauti ya Merege, yenye mikoromo na miitikio ya uimbaji wa Kimaasai, haikuwekwa juu ya mdundo kama pambo. Mdundo wenyewe ulipaswa kupangwa kuizunguka, na kazi hiyo ya kupanga, inayofanywa mbele ya skrini, ndiyo ambayo msikilizaji wa kawaida haioni na haiulizii. Kuhusu mchanaji, watu hujua mtaa wake, lafudhi yake na hata ugomvi wake na wenzake, ilhali mtayarishaji hubakia kuwa jina linalotamkwa mara moja mwanzoni mwa wimbo.

Mburahati ilibadilisha sehemu ya desturi hiyo. Mtaani humo, studio ya Sisso ilikuwa mahali ambapo watayarishaji kadhaa vijana walifanya kazi bega kwa bega, kila mmoja akisikia kile ambacho mwenzake anakitengeneza, na mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ilikusanya kazi zao katika mkusanyiko ulioitwa Sounds of Sisso. Lebo hiyo ilitokana na kundi la watu walewale walioanzisha tamasha la Nyege Nyege mjini Jinja mwaka 2015, na kwa mkusanyiko huo singeli ilisikika kwa mara ya kwanza mbele ya wasikilizaji wengi wa Ulaya ikiwa imebeba majina ya watayarishaji wake. Zikafuata Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, kisha mwaka 2019 Mateso ya Sisso mwenyewe, Tatizo Pesa ya Jay Mitta, na Uingizaji Hewa ya MCZO na Duke, huyu wa mwisho akitokea studio nyingine ya Dar es Salaam iitwayo Pamoja Records.

Katika orodha hiyo, Singeli Ya Maajabu inajitenga kwa sababu imejengwa juu ya mazungumzo ya watu wawili. Jukwaani Sisso huongoza kompyuta mpakato, akiita vipande vya midundo kwa kubonyeza vitufe vyake kana kwamba anapiga ngoma, na Maiko hupiga kinanda, akijibu na kuchokoza kwa tuni fupi zinazokatika kabla hazijazoeleka. Mgawanyo huo wa kazi una historia ndefu katika muziki wa mashine, kwa kuwa Kraftwerk ya Ujerumani ilianzishwa mwaka 1970 na watu wawili, Ralf Hütter na Florian Schneider, na Daft Punk ya Ufaransa ilibaki ya watu wawili tangu mwaka 1993 hadi ilipovunjika mwaka 2021. Wa Mburahati, hata hivyo, hawakuhitaji kuwaiga hao, kwa maana ule uhusiano wa kinanda kidogo na mchapa kigoda ulikuwa tayari umeufundisha mchiriku namna watu wachache wanavyoweza kuuchangamsha mtaa mzima.

Kwa kuwa albamu hii haimtegemei mchanaji, inamlazimu msikilizaji kukisikiliza kile ambacho kwa kawaida hukiita usuli. Athari yake inaonekana hata katika biashara ndogo ya vibanda vinavyowaingizia wateja nyimbo kwenye flashi, ambako faili la singeli mara nyingi huhifadhiwa kwa jina la mchanaji na jina la wimbo pekee. Kazi isiyo na mchanaji haina pa kuwekwa katika mpangilio huo, ila chini ya majina ya Sisso na Maiko.