Meno ya Mbweha: Tofauti za Maumbile na Tahadhari kwa Wananchi

Kata ya Chanika, Wilaya ya Ilala, jijini Dar es Salaam, ipo jirani na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi. Katika maeneo ya aina hiyo, ambako makazi na mashamba hukutana na misitu, ni muhimu wananchi wamfahamu mbweha na hatari ya kuumwa naye.

Mbweha miraba na mbweha mgongo-mweusi wana meno 42, sawa na mbwa wa kufugwa. Mbweha masikio, anayepatikana katika mbuga kavu kama Serengeti, ana meno 46 hadi 50. Magego yake ni madogo na mengi, yanayofaa kusaga mchwa na mende wa kinyesi, ambao ndio sehemu kubwa ya chakula chake.

Meno hutofautiana pia ndani ya spishi moja. Utafiti wa Blaire Van Valkenburgh na Robert Wayne, uliochapishwa mwaka 1994, ulionesha kuwa mbweha mgongo-mweusi wa Afrika Mashariki ana meno yenye makali marefu zaidi ya kukatia nyama kuliko mwenzake wa kusini mwa Afrika. Afrika Mashariki anaishi pamoja na aina nyingine za mbweha wenye umbo linalokaribiana na lake. Tofauti ya meno hupunguza ushindani wa chakula. Mbweha miraba, ambaye hula pia matunda na wadudu, ana meno ya kukatia yaliyo madogo zaidi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, meno na mafuvu ya wanyamapori ni nyara za Serikali. Anayeyaokota asiyahifadhi nyumbani, bali atoe taarifa kwa ofisa wanyamapori.

Aidha, mbweha huweza kuambukiza kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zake zikishajitokeza karibu kila mara huua. Aliyeumwa na mbweha au mbwa anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kisha kwenda bila kuchelewa kwenye kituo cha kutolea huduma za afya na kukamilisha chanjo zote. Jeraha dogo lisipuuzwe. Wafugaji nao wanapaswa kuwachanja mbwa wao kila mwaka.